Mwafu na Mkilua Walipoposa Nyumba ya Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ukuta mweupe, na jua limeukalia kitako.

Basi sogezeni vigoda, chocheeni moto, msikilize. Zamani za kale, zile ambazo hata wazee wetu walihadithiwa tu, mimea haikuwa ikipandwa hivi hivi. Ilikuwa ikiposa. Mmea uliotaka kukaa katika ua wa mtu ulikuja na mshenga wake, ukabisha hodi, ukangoja jibu.

Posa hii ilifanyika katika mji wa Chokaani, na waliokuwapo ni hawa. Nitawataja mmoja mmoja, maana hadithi isiyotaja majina ni uvumi.

Alikuwapo Sikudhani binti Mgeni, mwenye nyumba. Jina lake lilikuwa Sikudhani, lakini kazi yake mjini ilikuwa ni kudhani. Akiletewa sahani ya futari, hunusa kwanza, halafu hufunua, halafu huuliza imetoka kwa nani na kwa nini.

Alikuwapo Mbaruku wa Shee, mumewe, amekaa barazani juu ya kitanda cha kamba, kifua kimembana.

Alikuwapo Bi Kazija, jirani yao, aliyekuja kuazima kinu na mpaka jioni hakukiazima.

Alikuwapo Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, kifua chake kinang'aa kama hariri. Alikuja akiwa mshenga.

Alikuwapo Nguchiro, mrefu wa mkia, mfupi wa haya. Naye alikuja akiwa mshenga, lakini wa mposaji mwingine.

Alikuwapo Mwafu. Wako wanaomwita mwasumini, nao wanakosea. Mwasumini ni ndugu yake wa mjini. Huyu ni mwafu, mmea utambaao wa porini, na ua lake dogo jeupe huitwa afu.

Alikuwapo Mkilua. Huyu hatambai. Ni kichaka, shina ni lake, matawi ni yake. Ua lake huitwa kilua. Wanawake hulitia kwenye kikuba, kile kishada cha maua cha kubandika kifuani, na mwenye kikuba cha kilua hujulikana amepita hata kama hakuonekana.

Na alikuwapo Koo, kuku wa Sikudhani, ambaye Nguchiro hakuacha kumtazama.

Ni hao tu. Mwingine yeyote atakayekwambia alikuwapo, usimsadiki.

Sasa sikilizeni kilicholeta posa. Mbele ya baraza ya Sikudhani palikuwa na mti mkubwa wa mkungu, na upepo wa kusi ulikuwa umeuangusha. Tangu hapo kila alasiri jua liliingia barazani bila hodi, na ukuta uliopakwa chokaa ukalirudisha, likawa majua mawili. Mbaruku alikuwa na ugonjwa wa pumzi. Akiwekwa chumbani, pumzi zinamkwama. Akiwekwa barazani, pumzi zinamjia, lakini jua linamjia pia, na lilikuwa likimla mwili. Sikudhani alitundika mkeka. Mkeka ukazuia jua, ukazuia na upepo, Mbaruku akatweta kama samaki aliyetupwa ufukoni mpaka mkeka ukateremshwa.

Mganga wa Chokaani hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpapasa Mbaruku kifua, akanawa mikono, akasema, "Apate hewa, na asipate jua. Mkimkosesha kimoja, mtakuja kuniita usiku."

Kwa hiyo kilichotakiwa ni kivuli cha majani, maana majani huzuia jua na hupitisha upepo. Na majani hayo yalitakiwa upesi. Masika ilikuwa imeshaanza, na kila mtu anajua kwamba mche usiopandwa masika hauna maisha. Habari ikaenea. Ndipo waposaji wawili wakaja siku moja.

Chozi alitangulia. Akatua juu ya ukingo wa baraza, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Sikudhani. Shikamoo, Mzee Mbaruku."

"Marahaba," akasema Mbaruku.

"Marahaba," akasema Sikudhani. "Sema ulilojia."

"Watu wakiposa husema wameona ua katika bustani ya mtu. Sisi tumeona bustani, lakini ua hatukuliona. Basi ua tumekuja nalo. Namposea Mwafu."

"Hodi na mimi!" akapiga kelele Nguchiro, keshaingia. "Maua yamezaliwa mengi. Mimi namposea Mkilua."

Mwafu na Mkilua wenyewe walikaa kimya kando ya mlango, mizizi yao imefungwa na udongo mbichi ndani ya majani ya mgomba. Ilikuwa ndiyo mila. Watu wa Chokaani walisema, "Mposaji hana kinywa." Mposaji hasemi, husemewa. Mwenye nyumba huuliza mshenga, huuliza jirani, huuliza wapita njia, halafu hutoa jibu. Hivyo ndivyo walivyoozana wao, na hivyo ndivyo walivyoipokea mimea.

"Mwafu wetu ni mwepesi," akasema Chozi. "Ukimpanda leo, masika haiishi kabla hajafika dirishani. Bwana atalala kivulini, na afu zitamdondokea kifuani."

"Mwepesi kweli," akasema Nguchiro, "kama mwizi ukutani. Muulizeni anasimama juu ya nini! Hana mgongo huyo. Kila aendapo huegemea cha mtu. Leo ukuta, kesho paa, kesho kutwa yumo chumbani anavuta shuka."

"Na wako anasimama, ndiyo. Anasimama tu! Ukimpanda leo, wajukuu ndio watakaokaa kivulini."

"Heshima haina mbio, wewe kijidege."

"Kijidege ni mjomba wako."

Bi Kazija akajikohoza. "Mimi simo, shoga. Nimefuata kinu. Lakini ukuta wa marehemu mjomba wangu ulikumbatiwa na kitambaazi kama hicho, na leo ukuta hauko. Na chini ya kichaka kama hicho, pale nilipokuwa nikikaa zamani, nilikuwa nafagia akatoka nyoka swila, amevimba shingo. Lakini mimi simo."

Sikudhani akawatazama washenga, mmoja baada ya mwingine. "Na nyinyi wawili mnafaidi nini?"

"Sisi ni washenga tu," wakajibu pamoja.

"Na mimi ni Sikudhani tu," akasema. "Kaeni nje mngoje."

Alasiri ile jua liliingia barazani. Mbaruku akavuta miguu, ikashindwa kuvutika zaidi.

"Sikudhani, mke wangu, jua limefika magotini."

"Ngoja kwanza niulizie."

"Unaulizia nini? Mpande Mwafu, ndiye mwenye mbio."

"Ngoja kwanza niulizie, bwana. Anayekuja na maneno matamu ana lake."

Sikudhani akaanza kuulizia. Akajibanza nyuma ya jiko, akachungulia. Akamwona Chozi chini ya upenu, mdomoni kashika uzi wa buibui, anaupima kutoka ufito hadi ufito, anaongea peke yake.

"Hapa mlango. Hapa watalala watoto. Hapa nitakaa mimi, na maua yako mdomoni, sina haja ya kuruka. Mwafu akifika hapa tu, nimehama kwa mama mkwe."

"Kumbe!" akasema Sikudhani moyoni. "Kumbe anajiposea nyumba yeye!"

Akarudi barazani kwa haraka, amefunga mdomo kama aliyebeba maji.

"Umepata nini?" akauliza Mbaruku.

"Chozi anataka kujenga kiota."

"Ajenge. Kiota kinanipunguzia nini?"

"Bwana, mwenye lake hasemi kweli."

 Siku nyingine jua likaingia tena, wala halikuishia magotini.

"Sikudhani, mke wangu, jua limefika kifuani."

"Ngoja kwanza niulizie."

Akamgeukia Nguchiro. Akajifanya anapepeta mchele uani, macho yake yako pembeni ya ungo. Nguchiro alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya tenga, tumbo limegusa mchanga, mkia umenyooka. Alikuwa anapima jinsi matawi ya chini ya Mkilua yatakavyomfunika.

"Kutoka hapa hadi kwa bibi mwenye mapaja," akanong'ona, "ni mruko mmoja."

"Nakuona, bwana," akasema Koo bila kuacha kuchakura.

"Na mimi nakuona, bibi."

"Mchana huna adabu hivi, na usiku je?"

"Usiku nina adabu sana. Sipigi hata hodi."

"Kumbe!" akasema Sikudhani, mchele ukamwagika. "Kumbe anaposa mchuzi!"

Akamkamata Koo kwapani, akamfungia bandani, akarudi kwa mumewe akihema kuliko yeye.

"Nguchiro anataka maficho. Anamtaka Koo."

"Koo tunamfungia bandani kila usiku tangu alipokuwa kifaranga," akasema Mbaruku. "Nguchiro anamtaka, kuna kichaka au hakuna. Mwenyewe Mkilua umemwonaje?"

"Nitamwonaje? Mposaji hana kinywa."

"Basi Mwafu umemwonaje?"

"Bado naulizia."

Alikwenda kwa Bi Kazija. Alikwenda asubuhi, saa ambayo mwenyeji hakumtarajia, akapita moja kwa moja mpaka chumbani. Chini ya dirisha palikuwa na mkeka. Mkeka wote ulikuwa mpya ila mahali pamoja, palipochakaa kwa kukaliwa. Sikudhani akakaa papo hapo, akatazama nje. Akaiona baraza yake yote. Akamwona Mbaruku. Akaiona sahani iliyo mbele ya Mbaruku, akaona na kilichobaki ndani yake. Lau angeinama kidogo, angeona hata chungu jikoni.

"Kumbe!" akasema, na mara hii alisema kwa sauti.

"Hewa, shoga," akasema Bi Kazija, amesimama mlangoni na ufagio. "Nakaa hapo kwa ajili ya hewa."

"Ndiyo maana kitambaazi kibaya na kichaka kibaya."

"Swila nilimwona kwa macho yangu haya."

"Kwa macho hayo uliona na uji wangu wa jana ulivyoungua."

"Ule uliungua kwa sababu ulimwacha mgonjwa anakoroga," akasema Bi Kazija.

Wakatazamana. Hawakuachana kwa ugomvi, lakini hawakusindikizana.

Wakati huo wote masika ilikuwa inakwenda. Mvua ya asubuhi ikawa ya dakika, manyunyu yakawa ukungu, ngurumo zikahamia mbali zikawa kama mtu anayesogeza masanduku nyumba ya pili. Nje ya mlango, majani ya mgomba yaliyofunga mizizi ya waposaji yalikuwa yamekauka, yanalia chakacha upepo ukipita. Mbaruku naye alikuwa amekonda. Ngozi ya shingo yake ilikuwa imebabuka, na alipozungumza alikuwa akitafuta pumzi katikati ya maneno kama mtu anayetafuta sindano.

Alasiri moja alimwita.

"Sikudhani, mke wangu, jua limefika usoni."

"Ngoja kwanza—"

"Sikiliza. Chozi ana lake. Nguchiro ana lake. Kazija ana lake. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi pia nina langu. Nataka kivuli. Je, na mimi ni mwongo?"

Sikudhani akachukua pepeo, akampepea.  Kisha akasema neno ambalo alikuwa amelificha tangu siku ya posa.

"Wewe ulimpenda Mwafu tangu siku ya kwanza."

"Nilimpenda kwa mbio zake."

"Hukumpenda kwa afu zake?"

"Afu zimefanya nini?"

"Mbaruku, usinifanye mtoto. Marehemu Bi Mwatime, mkeo wa kwanza, Mungu amrehemu, hakuwa akivaa kikuba bila afu. Mji mzima unajua. Nikipanda Mwafu hapa, kila jioni ukivuta pumzi utakuwa unamvuta nani?"

Mbaruku alimtazama. Halafu akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamweka mpaka machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo nimekaa hapa nachomwa kama muhogo," akasema alipopata sauti, "kwa sababu ya kikuba cha marehemu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

"Nimeuliza tu."

"Basi nikujibu. Mwatime alivaa afu, kweli. Na wewe siku ya kwanza uliponipakulia chakula ulivaa kilua, na wali ulikuwa mbichi. Harufu zote mbili ninazo. Sizitafuti kwenye mti. Natafuta kivuli."

Pepeo likasimama mkononi mwa Sikudhani.

"Kawaulize wenyewe," akasema Mbaruku.

"Wenyewe nani?"

"Waposaji."

"Astaghafiru! Mposaji hana kinywa. Tangu lini mwenye nyumba akazungumza na mposaji?"

"Mila imemkataza yeye kusema. Haikukukataza wewe kuuliza. Nimelala hapa naifikiria mila hiyo tangu asubuhi, na sikupata mahali ilipokukataza."

Sikudhani akafikiri. Aliigeuza mila ile huku na huku kama mtu anayegeuza embe sokoni, na yeye pia hakupata. Watu wa Chokaani walikuwa wamesema mposaji hana kinywa, na wote, tangu babu hadi mjukuu, wakaongeza wenyewe kwamba basi haulizwi.

Akajitanda kanga, akatoka. Dirishani kwa Bi Kazija ikasikika sauti: "Yallah! Anakwenda kusema na waposaji! Mchana kweupe!"

"Njoo ukae karibu usikie vizuri," akajibu Sikudhani bila kugeuka.

Akachuchumaa mbele yao. Mkilua alikuwa ameinamisha majani. Mwafu alikuwa amejikunja kama uzi ulioachwa mvuani ukakauka. Nguchiro na Chozi wakaja mbio.

"Bibi mkubwa, uliza kwetu!" akasema Nguchiro. "Sisi ndio midomo!"

"Midomo yenu nimeichoka," akasema Sikudhani. "Mkilua, nakuuliza wewe. Utamfunika mume wangu jua?"

Mkilua hakuwa amezoea kuulizwa. Akajibu kwa sauti ya chini.

"Mwaka huu, hapana. Mwaka ujao, hapana. Mwaka wa tatu nitamfunika miguu."

"Na nyoka?"

"Nyoka akija sitamfukuza, sina mikono. Ukifagia chini yangu hatakaa. Ukiacha takataka, atakaa."

"Na ukuta wangu?"

"Ukuta wako siuhitaji. Nipe nafasi ya kusimama, na usinipande karibu na mlango, maana nitanenepa. Nikishakua, nitaishi kuliko nyumba hii. Lakini sina haraka, na siwezi kuipata."

Nguchiro akajishika kichwa. "Umetuua! Mposaji gani huyu anajikata mwenyewe?"

"Nimeulizwa," akasema Mkilua.

Sikudhani akamgeukia Mwafu.  Alimtazama kwanza, kama mke anavyomtazama mwanamke aliyemsikia kwa jina.

"Mwafu, utauangusha ukuta wangu?"

"Usiponikata, nitauangusha," akasema Mwafu. "Naingiza vidole kila penye ufa. Sijui kuacha. Unikate kila masika na kila vuli, na unijengee kichanja cha fito mbele ya baraza, nipande huko, uniweke mbali na ukuta. Ukinisahau msimu mmoja, utanikuta kwenye paa."

"Na utamfunika mume wangu jua?"

"Ungenipanda siku niliyokuja, leo ningekuwa dirishani."

"Na leo?"

"Leo mizizi yangu imekauka nusu, na mvua imekwenda. Nitapanda. Lakini nitapanda kama mgonjwa."

Sikudhani akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Mbona hamkusema?" akauliza. "Mbona mmekaa hapa kimya siku zote hizi, mnakauka mbele ya macho yangu?"

"Hukutuuliza," akasema Mwafu.

"Hukutuuliza," akasema Mkilua. Kisha akaongeza, "Na sasa kwa kuwa unauliza, Bi Sikudhani, mimi ningekuwa wewe ningemchukua huyu."

Sikudhani akamtazama kwa jicho la zamani. Neno lilikuwa limeshamfika mdomoni: na wewe unafaidi nini? Akalimeza. Lilimpalia, lakini akalimeza.

Jibu la posa likatolewa palepale. Mwafu akapokewa. Mkilua akaaga kwa adabu, akaomba maji kidogo ya njia, akapewa. Nguchiro alimfuata nyuma akimsuta mpaka wakapotea, na inasemekana Mkilua alipokewa katika nyumba moja iliyo pembeni mwa mji, yenye nafasi, isiyo na kuku.

Sikudhani hakupumzika. Alikata fito mwenyewe, akafunga kichanja kwa kamba za ukindu, kimesimama hatua chache kutoka ukutani. Akachimba shimo, akalijaza samadi, akampanda Mwafu. Mvua haikuwapo, kwa hiyo yeye akawa mvua. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa Mwafu. Maji ya kunawia yalikwenda kwa Mwafu. Maji ya kuogea Mbaruku yalikwenda kwa Mwafu. Jioni alikuwa akirudi kisimani mara ya tatu watu wengine wakiwa wameshakaa kula.

Ajabu ni kwamba Bi Kazija naye alitoka siku moja na mtungi wake kichwani, akaumwaga penye shina.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Mimi simo. Maji yalikuwa yamezidi nyumbani."

Sikudhani aliyatazama maji yale. Aliinama akayanusa. Bi Kazija akaangua kicheko, na Sikudhani mwenyewe akacheka, ameshikilia kiuno.

"Nanusa kwa mazoea tu, shoga."

"Najua, shoga. Na kinu nitakiazima lini?"

Mwafu akapanda. Alipanda kama alivyosema, kama mgonjwa. Siku nyingine hakupanda kabisa, jani lake moja likawa manjano na Sikudhani akashindwa kula. Siku nyingine alinyoosha mkono mwembamba akashika fito nyingine, na Sikudhani alikwenda kumwonyesha Mbaruku kama mtu anayeonyesha jino la kwanza la mtoto. Chozi alikuwa akija kila asubuhi kutazama, na Sikudhani hakumfukuza. Siku moja hata alimwachia nyuzi za pamba juu ya upenu, akajifanya amezisahau.

Lakini jua lilikuwa jua lilelile, na kiangazi kilikuwa kimeingia. Maneno ya Mbaruku yakazidi kupungua. Hakusema tena jua limefika wapi. Sikudhani alikuwa akimpepea kwa mkono wa kulia mpaka uchoke, halafu kwa wa kushoto, na macho yake yako kwenye kichanja.

Alasiri moja jua liliposhuka, majani ya Mwafu yaliyokuwa juu kabisa yalitupa kivuli chao cha kwanza ndani ya baraza. Kilikuwa kidogo, upana wa kiganja. Kilianguka sakafuni, kando ya kitanda cha kamba, kikitikisika upepo ulipopita.

"Unakiona?" akauliza Sikudhani.

"Nakiona," akasema Mbaruku.

Akateremsha mguu mmoja kitandani, taratibu, akautia ndani yake.

"Kina ubaridi?"

"Kina ubaridi."

Sikudhani akakaa chini sakafuni, karibu na mguu ule. Kivuli kiliposogea, alikuwa akiusogeza mguu nacho, kidogo kidogo, mpaka jua likazama.

Hadithi yangu haina safari nyingine, inatua mzigo hapa, na imebaki habari moja tu. Mbaruku wa Shee alikufa kabla ya mvua za vuli, wakati wa alasiri, na Mwafu alikuwa bado hajafika dirishani.